Vikao vya msongo wa mawazo kwa wenye lupus: pumzi safi, ila wanatuanika juani

Ukijitangaza kwamba vikao vyako vya kupunguza msongo wa mawazo ni maalumu kwa wenye lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, jambo la kwanza unalopaswa kulijua ni jua, kabla hujagusa mkeka wala muziki wa kutuliza. Kituo nilichokwenda hapa Dar, jina nalihifadhi, jambo hilo hawalijui. Baya zaidi, walipoambiwa walijibu kwa jeuri.

Vikao vya mwanzo vilikuwa ndani. Juzijuzi mnasihi wao akaamua tuhamie bustanini tupate hewa, saa nne asubuhi. Mikeka ikatandikwa kwenye nyasi. Mwembe upo, lakini kivuli chake kiliangukia upande wa pili, na mbele yetu ukuta mweupe ukawa unaturudishia mwanga wote usoni. Mama mmoja wa makamo akamwambia kwa upole, "Mwanangu, sisi jua hatuliwezi." Akajibiwa: "Mama, jua ni vitamini D. Hofu hiyo ndiyo msongo wenyewe, iachilie." Mama wa watu akanyamaza, akajifunika mtandio.

Hiyo si hofu, ni kanuni ya matibabu! Miale ya jua huua chembe za ngozi. Kwa mwenye lupus mabaki ya chembe hizo hayasafishwi vizuri, kinga ya mwili inayaona adui na kuyashambulia. Haiishii kwenye upele wa mashavuni. Viungo vinaweza kuvimba, homa ikapanda, hata figo zikaguswa. Tena haitokei papo hapo. Ugonjwa unaweza kuamka baada ya siku kadhaa, hata wiki, ndiyo maana mnasihi anawaona watu wanaondoka wazima na kudhani kikao kimefana. Vitamini D ipo ya vidonge. Daktari anapima damu na kukuandikia.

Jua la hapa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndilo kali kuliko yote. Wingu halizuii miale yote, na weusi wa ngozi si kinga ya kutosha. Kama ni lazima kikao kiwe nje, kifanyike kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini, watu wamevaa mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Losheni ya kukinga jua iwe SPF (kipimo cha nguvu yake ya kukinga) 30 kwenda juu, mimi nasema 50, ipakwe dakika 20 hivi kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa 2. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa, kila mmoja urefu wa kidole. Wengi wanaipaka kama manukato, haisaidii. Na mtandio mwepesi kama ule wa yule mama, uinue kwenye taa: mwanga ukipenya, miale nayo inapenya.

Haki yao niwape, lakini. Zoezi lao la pumzi ni zuri kweli, na dada anayelifundisha anaijua kazi yake. Unakaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, mkono mmoja tumboni. Unavuta hewa puani ukihesabu hadi 4, tumbo linainuka, kisha unaitoa polepole ukihesabu hadi 6. Dakika 5 asubuhi, 5 kabla ya kulala. Kule kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Akatahadharisha pia kwamba utando wa mapafu ukiwa umevimba, pumzi ndefu inachoma. Usilazimishe, punguza iwe 3 kwa 4, na maumivu mapya ya kifua yapeleke hospitali. Hata zoezi la kukaza misuli sekunde 5 na kulegeza 15 alilirekebisha: vidole vilivyovimba havikunjwi ngumi, unaviacha vizito mapajani na kuendelea na mabega. Kiyoyozi alikizima kwa ajili ya wale ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kwa baridi. Huyo dada ningempa nyota tano bila kufikiri.

Halafu nakumbuka lile neno "iachilie" na hasira inapanda upya. Anayeita tahadhari ya jua hofu, kesho ataziita hofu na dawa. Predinisoloni, dawa ya kupoza kinga ya mwili, ikitumika kwa muda mrefu haiachwi ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, na mtu anaweza kuzimia au kufa. Dawa hiyo hiyo huleta kukosa usingizi na wasiwasi, kwa hiyo humezwa asubuhi baada ya kula, na kabla ya kumwambia mtu ana msongo, muulize anakunywa kiasi gani. Fomu yao inauliza kazi na hali ya ndoa, dawa haiulizi! Na mtu akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, huo si msongo tena, lupus inaweza kuwa imefika kwenye ubongo.

Tiba yenyewe ya msongo siidharau. Utafiti wa Granada, Hispania, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba tiba ya kubadili fikra na mwenendo ilipunguza wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa lupus wenye msongo wa muda mrefu, ingawa vipimo vya kinga kwenye damu havikubadilika. Kwa hiyo inakwenda sambamba na dawa, haichukui nafasi yake.

Niliweka nyota moja, nikapandisha hadi tatu kwa ajili ya yule dada, sasa nimeshusha hadi mbili, na yule mama hajaombwa radhi mpaka leo. Ukitaka kwenda, omba darasa la pumzi, la ndani, na uulize mahali na saa kabla ya kulipa, maana hela wakishaipokea hawarudishi.