Hewa Safi Ndani ya Nyumba: Kipi Kinunuliwe Kwanza, Wavu, Feni au Mashine ya Kusafisha Hewa?

Anayetaka hewa safi ndani ya nyumba yake Arusha au Moshi inampasa ajue kwanza uchafu unaomsumbua unatoka wapi, kwa sababu moshi unaozaliwa jikoni mwake dawa yake ni kutolewa nje, ilhali vumbi la barabarani huongezeka kadiri anavyofungua madirisha. Vifaa vinavyouzwa kwa kazi hii havilingani, na kilicho ghali zaidi sicho ninachokiweka mbele.

Nafasi ya kwanza naipa njia za hewa za nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za siku hizi zina madirisha ya alumini ya kuslaidi, ambayo hata yakisukumwa hadi mwisho huacha wazi nusu tu ya upana wake, na matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, pale yalipokuwepo, mara nyingi huzibwa wakati wa kuweka dari ya jipsamu au wakati wenyewe wanapokimbia mbu na baridi ya Juni na Julai. Fundi wa kuyazibua, kuyawekea wavu na kuhakikisha kuwa hewa inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili atakulipisha sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Wavu nao unahitaji kuoshwa: ule unaotazama barabara ya vumbi, ukiupitishia kidole mwezi wa Septemba, utakuta vijitundu vyake vimejaa udongo laini, na hapo hewa inayopita ni kidogo hata dirisha likiwa wazi. Madirisha yafunguliwe asubuhi jua likishapanda, yafungwe jioni majirani wanapowasha mikaa na kuchoma taka, kwa kuwa usiku hewa ya baridi hutulia karibu na ardhi na moshi hukosa pa kupandia.

Nafasi ya pili ni feni ya kutolea hewa jikoni. Gesi imepunguza moshi, lakini mwali wake hutoa naitrojeni dayoksaidi, gesi inayowasha mapafu, na mafuta ya kukaangia hurusha chembe ambazo macho hayazioni. Chagua feni yenye vibati vinavyojifunga inapozimwa, ili vumbi na mbu wasipite humo, na umwagize fundi aifunge juu ukutani, karibu na jiko, hewa ikitoka nje kabisa wala si kuishia darini. Akimaliza, washa feni na uisogezee kipande cha karatasi ya choo. Kisipovutwa na kunata kwenye wavu wa feni, fungua kidogo dirisha la mbali au mlango, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyopata pa kuingilia.

Mashine ya kusafisha hewa inakuja ya tatu, ingawa kwa chumba cha mtu mwenye pumu anayelala kando ya barabara ya vumbi ningeipandisha hadi ya kwanza. Filta halisi ya HEPA, yaani chujio la chembe ndogo sana, hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikromita 0.3 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe ndogo namna hiyo hufika ndani kabisa ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishusha kiwango linachopendekeza kisizidiwe, kwa wastani wa mwaka, cha chembe za chini ya maikromita 2.5 kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo. Usisome ukubwa wa chumba ulioandikwa kwenye boksi, bali tafuta kiasi cha hewa safi kinachotolewa kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 43, na ukitaka hewa yake ichujwe mara tano kwa saa unahitaji mashine ya mita za ujazo 216 kwa saa. Ya wati 50 ikiwaka kutwa kucha hula uniti 1.2 za LUKU, na umeme ukikatika, kazi yake inakoma hapo hapo.

Hata hivyo, hakuna mashine ya aina hii inayoruhusu jiko la mkaa kuingizwa chumbani ili kupasha joto. Kaboni monoksaidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu, hupita kwenye filta kana kwamba haipo, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje, na baridi ikabiliwe kwa mablanketi. Mashine haipunguzi pia unyevu unaoleta ukungu ukutani. Kiyoyozi cha ukutani, ambacho baadhi ya watu wa Moshi hukitegemea wakati wa joto, kwa kawaida huzungusha hewa ile ile ya chumbani bila kuingiza mpya.

Mashine zinazojisifu kuwa zinatoa ozoni siziweki katika nafasi yoyote, kwa kuwa ozoni yenyewe huwasha mapafu. Kwa zile za HEPA, hakikisha kibandiko cha nyuma kinaonyesha volti 220 hadi 240, kwani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia 120, na umtake muuzaji akuonyeshe filta ya akiba ya modeli hiyo hiyo kabla hujatoa fedha. Filta nyingi hubadilishwa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, na kwenye vumbi letu mapema zaidi; asipokuwa nayo dukani, nunua kwa mwingine.