Nyimbo za kununua mtandaoni: iTunes, Bandcamp na Qobuz kwa kufuli, kwa sikio na kwa mfuko

Mwaka 2007 nilinunua nyimbo 12 katika duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja, nikazilipia kwa kadi ya ndugu yangu aliyekuwa akisoma ng'ambo, na kwa mwaka mmoja na ushei nikazisikiliza bila tatizo katika kompyuta yangu ya mezani. Umeme ulipokuja kuiunguza kompyuta hiyo, nilizihamishia nyimbo kwenye nyingine kutoka katika diski niliyozihifadhia, nikabofya wimbo wa kwanza, na badala ya sauti kikatokea kisanduku kilichonitaka niombe ruhusa kwa seva ambayo haikujibu siku hiyo wala siku zilizofuata. Faili zilikuwepo zote 12, na ukubwa wake haukupungua hata kidogo, ila zilikuwa kama nyumba uliyokwisha kuilipia kodi ya mwaka mzima, kisha mwenyewe akahama na ufunguo. Ndiyo maana ninapoyalinganisha maduka haya naanza na kufuli, yaani kinga inayozuia faili lisisikike bila ruhusa ya muuzaji, ingawa wengi huanza na bei.

Wakati ule kufuli lilikuwa ndiyo desturi. Duka la iTunes la kampuni ya Apple lilipofunguliwa Aprili 2003, wimbo mmoja uliuzwa senti 99 za Marekani, ukiwa umebanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde na kufungwa kwa mfumo ulioitwa FairPlay, ambao baadaye uliruhusu kompyuta tano tu kwa kila mnunuzi. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kwamba ingezima seva za ruhusa za duka lake la MSN Music, na kelele za wateja ndizo zilizoifanya iahirishe. Yahoo nayo ilifunga duka lake mwaka huohuo. Amazon ilikuwa imeanza kuuza MP3 zisizo na kufuli tangu 2007, na Januari 2009 Apple ikatangaza kuliondoa kufuli katika nyimbo zake zote, kupandisha ubora hadi kilobiti 256, na kuweka bei tatu: senti 69, senti 99, na dola 1.29. Kilichobaki hadi leo ni kwamba faili la iTunes hubeba ndani yake jina na anwani ya barua pepe ya aliyelinunua. Halikuzuii kusikiliza popote, lakini ukimgawia jirani, jina lako limekwenda naye.

Kufuli lenyewe halikufa, limehamia kwenye programu za simu. Boomplay, kwa mfano, hukuruhusu "kupakua" wimbo, lakini kinachoingia kwenye simu ni faili lililofungwa kwa msimbo, lisilosikika nje ya programu hiyo. Mdundo, iliyozaliwa Kenya, imefanya kinyume: unapewa MP3 halisi, bure, unaiweka kwenye flashi na kuipiga hata ndani ya matatu, na malipo yako ni kuvumilia sauti ya tangazo mwanzoni mwa wimbo. Tangazo linaudhi, lakini ninaona ni bei iliyo wazi zaidi kuliko neno "kupakua" lililobadilishwa maana.

Kuhusu sauti, sikutaka kutegemea maelezo ya wauzaji. Nilichukua CD ya taarabu ninayoimiliki, nikatoa wimbo mmoja katika namna tatu: FLAC, ambayo haipotezi chochote cha CD, AAC ya kilobiti 256, ambayo ni ubora wa iTunes ya sasa, na MP3 ya kilobiti 128. Mpwa wangu akakaa kwenye kompyuta, mimi nikavaa hedifoni nikiwa nimempa mgongo, naye akanipigia jozi jozi bila kunieleza kipi ni kipi. Kilobiti 128 niliitambua mara 8 katika 10, na kilichoifichua hakikuwa fidla wala mwimbaji, bali rika, ile tari ndogo ya taarabu: vile vibati vyake, ambavyo katika CD husikika kimoja kimoja, viligeuka kuwa mchirizo kama wa maji yanayomwagika juu ya bati. Nilipofika kwenye FLAC dhidi ya AAC ya 256, nilipata 5 katika 10. "Mjomba, hapo unabahatisha," akasema, na alisema kweli.

Matokeo hayo ndiyo yanayonifanya niwe mgumu kwa Qobuz, duka la Ufaransa linalosifika kwa sauti. Huuza ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1 (sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde), na juu yake faili za biti 24 zinazofika kilohezi 192, ambazo kwa kawaida bei yake ni kubwa zaidi. Ubora wa CD tayari unafikisha sauti za hadi kama kilohezi 22, nusu ya kipimo hicho, wakati sikio la binadamu hukomea karibu na 20, na la mtu wa umri wangu hukomea chini zaidi. Kwa msomaji aliye Paris au London, nunua huko ya CD, yatosha.

Bandcamp ndiyo ninayoitumia zaidi. Haina kufuli, na ukilipa mara moja unachagua namna yoyote, MP3 ya kilobiti 320, FLAC, AAC au WAV, na unaweza kurudi kuchukua nyingine. Jambo hilo si dogo kwa anayenunua bando: albamu ya dakika 45 ni takriban megabaiti 108 katika MP3 ya 320, hufika kati ya 250 na 300 katika FLAC, na katika biti 24 kwa kilohezi 96 hukaribia gigabaiti 1. Bei huwekwa na msanii mwenyewe, na nyingi nilizonunua zilikuwa kati ya dola 7 na 10, nikilipa kwa ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Duka hukata asilimia 15, ikishuka hadi 10 mauzo ya msanii yakifika dola 5,000, na tangu Machi 2020 kuna baadhi ya Ijumaa ambazo halikati fungu lake.

Udhaifu wake ni uchache wa nyimbo za kwetu katika rafu zake. Singeli ya Dar es Salaam utaipata, kwa sababu Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, huiuza humo, lakini taarabu na dansi la zamani la Mombasa ni la kutafuta kwa tochi, na hapo mimi hurudi iTunes bila kinyongo.

Jambo la mwisho ni kwamba Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya video, mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikauzwa tena, kwa kampuni ya Songtradr. Ununuzi wangu haujaguswa. Hata hivyo kila albamu ninaiweka katika diski mbili, moja nyumbani na nyingine kwa dada yangu Kilifi.