Kickstarter kwa muuza mikoba ya ukili: nyota 4, ya 5 imeliwa na posta

Haya, kwa wote mnaonijazia inboksi kuuliza hiyo Kickstarter (mtandao wa kuchangisha watu pesa za mradi, nao baadaye wanapata bidhaa) ikoje, nakwambieni hapa kwa pamoja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Mie niko Leicester, nauza mikoba ya ukili (msuko wa miyaa, yale majani makavu ya jamii ya mitende) inayosukwa Pemba, huku natia bitana na mikanda ya ngozi, na sasa hivi niko kwenye maandalizi ya kampeni yangu ya kwanza, ukurasa karibu uko tayari bado kufunguliwa tu. Kwa hiyo hapa anaongea mtu mwenye daftari la mahesabu, aliyeshafanikiwa mtafuteni mwengine.

Nianze na watu wa nyumbani wasije wakapoteza bando lao bure. Kickstarter ipo tangu 2009, lakini kufungua mradi lazima uwe mkaazi wa nchi walizoziruhusu na akaunti ya benki iwe ya hukohuko. Uingereza imo, Marekani imo, Tanzania na Kenya hazimo. Na ile habari ya "shangazi nifungulie kwa jina lako" msiniletee, mzigo ukichelewa anayetafutwa ni mwenye jina. Aliye Kenya kuna M-Changa, mtandao wa michango, tangu 2012 na pesa zinapita kwa M-Pesa, ila watu wameizoea kwa matibabu na ada na misiba, utakuwa na kazi ya kuwaelewesha kuwa hapa wananunua kitu. Kiva, mtandao mwengine wa pesa za watu, nayo ni mkopo, utalipa.

Sasa kilichonivuta mie ni ile sheria yao ya yote au hakuna. Unaweka lengo, unaweka siku (mwisho 60, wenyewe wanashauri 30 au pungufu), lengo lisipofika hakatwi mtu hata senti na wewe hupati kitu. Wengi hapo ndo wanapoogopa, mie ndo napapenda. Mchango wa harusi kamati ikipata nusu ya bajeti ukumbi unalipiwa hivyohivyo, deni anabaki nalo baba mtu. Mie nikiagiza mikoba 100 Pemba, miyaa imeshanunuliwa, rangi imeshachemshwa, mtu kakaa kusuka, huwezi kumpigia simu ukamwambia bibi samahani wateja walikuwa 30 tu. Kwa kazi ya mikono ya watu wengine sheria hii inakulinda wewe na wao.

Makato yao yako wazi, sina ugomvi nayo. 5% ni yao, halafu kwa Uingereza malipo ya kadi ni 3% na senti 20 kwa kila mchangiaji. Chukua watu 100 wa £40, hiyo ni £4,000: wao £200, kadi £120, senti ishirini ishirini £20, unabaki na £3,660. Na hapo kuna kadi zitakazogoma mwisho wa kampeni, zipo tu siku zote, na pesa yenyewe inaingia kama wiki mbili baada ya kufunga.

Hayo yote ni madogo, shughuli iko kwenye posta. Ukimtoza mtu nauli ya posta humohumo kwenye kampeni ile nauli inahesabiwa ndani ya lengo, na ile 5% inaikata pia! Yaani lengo linaonekana limefika kumbe sehemu nzuri si yako ni ya Royal Mail, posta ya huku Uingereza. Kifurushi kidogo chao mwisho sm 45 kwa 35 kwa 16, na ile 16 ndo inayoua watu wa vikapu. Mkoba wangu wa duara una kitako kigumu, hauingii, unapanda daraja la kifurushi cha kati na faida yote inaondoka nao. Ikabidi kampeni niijenge kwenye mkoba mlaini wa kitako cha kukunja, kabla ya kuukunja unaunyunyizia maji kidogo maana ukili mkavu unavunjika kwenye mshono, halafu unauacha hewani ukauke vizuri ndipo unaufunga, ukifunga mbichi mteja anafungua ukungu.

Nchi za nje nimezifuta kwa sasa. Marekani ile ruhusa ya mzigo chini ya $800 kuingia bila ushuru imeondolewa tangu Agosti 2025, na Ulaya tangu Disemba 2024 wanataka uwe na mtu au kampuni ya kukuwajibikia ndani ya EU, na Northern Ireland imo kwenye hiyo sheria pia, kwa mikoba miwili mitatu wallahi haifai.

Kingine, kila zawadi (ndo wanavyoita kile anachopata mchangiaji, kwangu ni mkoba) lazima uandike mwezi wa kufika. Nilimuuliza bi mkubwa mmoja wa Wete, hukohuko Pemba, anayenisukia, akanijibu "mvua zikishuka usinihesabie". Masika ni Machi mpaka Mei, miyaa haikauki na rangi haishiki sawa, basi nimeandika Agosti, na anayetaka mapema akanunue dukani.

Na wateja usitegemee watakuja wenyewe kwa sababu jina la Kickstarter ni kubwa, weka ule ukurasa wa awali ambao watu wanabonyeza wapate taarifa siku ya kufungua, usambaze kila group ulilomo. Ukiuweka tu utaanza kupata meseji za watu wasiojulikana, "tunakuletea wachangiaji 500 kwa dola kadhaa". Futa.

Kwangu nafungua waliobonyeza ule ukurasa wakifika 150. Mikoba ya rangi ya zambarau nimeweka 20 tu, ikiisha imeisha, siongezi.