Ubao wa slalomu wa sentimita 80 kwenye upepo hafifu wa Jambiani

Wauzaji wa vifaa vya kasi vya windsurfing, yaani kuteleza baharini kwa ubao wenye tanga, hupenda kutaja Lüderitz, Namibia, ambako bingwa wa mchezo huo Björn Dunkerbeck alifika kilomita 103.67 kwa saa mwaka 2021. Kule upepo ni mkali na ubao ni mwembamba sana. Sisi wa Jambiani, Zanzibar, hasa wakati wa tangambili, kati ya kaskazi na kusi, mara nyingi tunapata noti 9 hadi 13, yaani kilomita 17 hadi 24 kwa saa. Kwa upepo huo kasi ya juu kabisa hainisaidii kuchagua ubao. Nataka kujua ubao unaanza kuteleza juu ya maji lini, na upepo ukilegea utaendelea au utazama.

Seti yenyewe ni ya mtumba: ubao wa slalomu, yaani wa mbio, wa upana wa sentimita 80, tanga la mita za mraba 8.6 lenye kemu tatu (vishikizo vya plastiki vinavyokaa kwenye mlingoti na kulipa tanga umbo), mlingoti wa kaboni wa sentimita 490. Nina kilo 76. Tulipima maji yakiwa yamejaa, mimi na mwenzangu mwenye ubao wa 75, kila mmoja na saa ya GPS, tukibadilishana ubao katikati ya zoezi. Bila kubadilishana, unaweza kuusifia ubao kumbe ni upepo tu uliozidi upande wako. Tukalinganisha wastani wa sekunde 10.

Ubao wa 80 ulishinda wazi. Kwenye noti 10 hivi ulinyanyuka kwa kulivutavuta tanga kidogo, huku wa 75 ukiendelea kuyasukuma maji. Upepo ulipotimia noti 12, saa ilisoma noti 21 na ushei.

Siri kubwa ni pezi, lile la chini ya ubao kwa nyuma. La sentimita 46 linakubeba na kukupandisha joshini, upepo unakotoka. La 42 huponyoka upande upepo ukiwa mdogo, ingawa zaidi ya noti 13 ndilo lenye kasi. Ila mapezi haya yaliyosimama hukusanya majani ya bahari, na kasi hufa palepale. Nunueni pia pezi lililolala nyuma. Na tafadhali, tuzunguke nje ya vigingi vya mashamba ya mwani. Zile kamba ni riziki ya akina mama.

Tanga lilegezwe kidogo kamba ya mwisho wa bumu (mti wa kushikia tanga) lipate tumbo. Kasoro yake ni kemu ya chini: ukigeuza ubao kwenye upepo hafifu haipinduki mpaka uipige teke.

Foili, bawa la chini ya maji linaloinua ubao, huanza mapema zaidi, sikatai, lakini mguu wake huenda chini karibu mita nzima, na maji yakianza kupwa hapa utagonga mwamba. Mwenye kilo 90 atafute upana wa 85 na tanga la zaidi ya mita 9. Kwa seti hii atasubiri kusi ya Julai.