Nililipa 18,000 kwa kivumbasi ambacho si kivumbasi

Naandika nikiwa bado na hasira, bora niseme sasa kabla sijapoa.

Nilitaka kivumbasi, ule mmea wa kunukia, na si kwa ajili ya kufukuza mbu kama kila mtu anavyodhani. Nilitaka nyuki. Kiwanja changu kiko huku Bwiru, Mwanza, juu ya mawe, udongo kiganja kimoja halafu jabali. Misimu miwili maboga yangu yalikuwa yanatoa vitoto ukubwa wa limao, vinageuka njano, vinadondoka. Ua jike la boga hufunguka asubuhi moja tu. Nyuki asipopita, basi tena. Kivumbasi kikishashika hakijali jua, kinachanua muda mrefu, na nyuki wanakivamia kama wachuuzi dagaa wakishuka soko la samaki la Mwaloni.

Kitalu kipo kando ya barabara, sitataja wapi. Miche 12, kila kiriba shilingi 1,500. Kijana akaniapia: "Mama, hiki ni cha miaka na miaka, ukipanda umemaliza kazi." Nikanusa jani, linanukia, nikalipa. Hapo kosa ni langu. Jamii hiyo inanukia yote.

Masika yanaisha, miche 10 imeshachanua, imetoa mbegu, inakauka. Na nilimwagilia jamani! Bomba huku halitoki kila siku, nilibeba ndoo kichwani. Jirani yangu, bibi wa Kisukuma, akafikicha jani moja lililobaki, akacheka: "Mayu (ndiyo mama kwa kwao), huu si mrehani huu? Ukishatoa mbegu ndiyo umeaga." Kivumbasi chenyewe jani lake lina meno pembeni, ukilifikicha harufu ya karafuu inakupanda puani, na shina linakomaa kuwa mti kabisa, linakupita mabega.

Nikarudi kitaluni na kijiti kikavu mkononi. Sikwenda kwa ugomvi, hata habari ya kurudishiwa hela sikuwa nimeitaja. Shikamoo sikupewa, kijana macho yapo kwenye simu. Nikamwonesha kijiti. Akakishika kwa vidole viwili, kama kitu nilichookota jalalani, akasema: "Mama, ulinunua mche, hukununua bima." Wateja wawili waliokuwa wanachagua michungwa wakaangua kicheko. Mimi, wa kumzaa yule! Hela nimeshaisahau. Kile kicheko ndicho kinachonirudia usiku.

Sasa haki yake nimpe. Nimesema 10 ndiyo iliyokauka. Miwili iliyobaki ilikuwa kivumbasi kweli, nadhani ilijichanganya kwa bahati mbaya, maana kwa makusudi yule hawezi. Kiangazi hiki kila kitu uani kimebabuka, hiyo miwili imesimama kwenye ufa wa jabali, sijaipa tone. Asubuhi nikitoka na kikombe cha chai nasikia mvumo kabla sijaona kitu. Wapo nyuki wa kawaida, wapo wale wadogo weusi wasiouma, na lipo lile jeusi kubwa linalotoboa mbao. Likitua, tawi zima linainama. Maboga yameshika 7. Nimehesabu mara mbili.

Kwa hiyo mmea nyota tano, kitalu sifuri. Ingawa bila kitalu hiyo miwili ningeipata wapi? Basi, nyota moja.

Hapana, naifuta. Bibi amenipeleka nyuma ya kwake, kwenye kinjia cha kushukia ziwani. Kivumbasi kimejiotea pande zote mbili, kirefu kunishinda, mbuzi wanakipita bila kukigusa. "Wewe mayu, magugu ulinunua kwa hela?" Sikuwa na jibu. Nimekata vijiti vyangu bure nikavichomeka kando ya maboga, vingine vimeanza kutoa macho.

Juzi nilipita pale kitaluni nikiwa kwenye bajaji. Amepanga viriba vipya, na kwenye kipande cha boksi ameandika kwa makapeni: KIVUMBASI ORIJINO, 2,000.