PhET kwenye kishikwambi: maabara ya umeme kwa shule isiyo na vifaa vya kutosha

Nafundisha fizikia shule ya sekondari ya kata. Amita zetu (vipimo vya mkondo wa umeme) ni za kuhesabu kwa vidole, na kila mwaka nikifika mada ya umeme Kidato cha Pili nilikuwa nalinda vifaa kuliko ninavyofundisha. Tangu nianze kutumia PhET somo limebadilika, na ningependa walimu wenzangu waijue.

PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati ya kwenye skrini. Umetengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na aliyeuanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2001. Ni bure, na mwanafunzi hahitaji kujisajili popote. Yapo majaribio yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ila mimi kwa sekondari natumia ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba intaneti unaihitaji mara moja tu. Kila jaribio la HTML5, yaani toleo jipya linalofunguka kwenye kivinjari, linapakuliwa kama faili moja. Nalipakua nyumbani, kisha nawarushia wenzangu kwa Bluetooth. Ukiligusa faili likafunguka ukurasa mtupu, lifungue kwa Chrome. Yale ya zamani yaliyotengenezwa kwa Java na Flash yaache, hayafanyi kazi kwenye simu wala kishikwambi.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo vifaa ni vya walimu: vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tukaja kugawiwa. Naviazima ofisini siku ya vipindi viwili mfululizo, kila kikundi kishikwambi kimoja. Simu ya kawaida inatosha watu wawili tu; vitufe vinakuwa vidogo mno, na lazima uilaze.

Jaribio ninalolipenda ni Circuit Construction Kit: DC, la kuunga saketi za betri. Kabla hawajagusa kitu nauliza: umeme ukishapita kwenye balbu, upande wa pili unabaki sawa au unapungua? Karibu wote husema unapungua, balbu imeutumia. Silaumu jibu hilo. Nyumbani wanaona uniti za Luku zinaisha, kwa hiyo lazima kuna kitu kinaliwa. Basi wanaunga betri ya volti 9 na balbu ya ohm 10, wanaweka amita kabla ya balbu: ampia 0.90. Wanaweka nyingine baada ya balbu: 0.90. “Madam, haijapungua!” Wengine huhisi amita imekwama. Wanaongeza balbu ya pili kwa mfuatano, inasoma 0.45 kila mahali. Wanaziunga sambamba, kila tawi 0.90 na njia kuu 1.80. Elektroni zinaonekana kama vidude vya bluu vikitembea, na mwendo wake ni uleule kabla na baada ya balbu. Hapo ndipo naweza kuwaeleza kwamba Luku inapima nishati, na nishati si mkondo. Miaka mingi nimelisema hilo ubaoni na wakaniitikia tu. Sasa wanabishana wao kwa wao, na ubishi ule una thamani kubwa kwangu.

Halafu kuna shoti. Unga waya moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha ya betri, betri inashika moto kwenye skrini. Kila kikundi hufanya hivyo, na nawaacha wafanye. Kwenye meza halisi ningepiga kelele.

Lakini PhET isiondoe meza halisi. Waya za PhET hazilegei, vibanio havina kutu, na betri haichoki mpaka wewe mwenyewe uipe ukinzani wa ndani. Amita yake inakupa tarakimu zimeandikwa tayari, wakati mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne unamtaka mtoto asome sindano iliyosimama katikati ya vistari viwili. Nimeona mwanafunzi hodari wa skrini akiduwaa mbele ya saketi halisi isiyowaka. Kwa hiyo kwangu kishikwambi kinatangulia, vifaa vinafuata wiki hiyohiyo, na mchoro wa alama naufundisha katikati; kuna kitufe kinachogeuza picha za betri na balbu kuwa alama za kitabuni, kitumieni.

Jambo moja ningeomba watengenezaji waongeze ni amita ya sindano.

Kwa Kidato cha Nne jaribuni Pendulum Lab, jaribio la pendulamu. Ina sayari inayoitwa Planet X ambayo mvutano wake haukuandikwa. Mwanafunzi anapima muda wa bembea, anaingiza kwenye fomula, anatafuta g (kipimo cha mvutano huo) mwenyewe. Wapeni kazi hiyo bila maelezo mengi na muwaachie kipindi kizima.