Mafuta ya cherehani kwenye upanga wa babu: uzoefu wangu

Kwa upanga wa kale ulioshika kutu, mafuta ya cherehani yanafaa sana, ila yanataka mtu mwenye subira. Niliyotumia ni yale mepesi ya kichupa chenye mdomo mwembamba, yanayouzwa hapa Tanga, Ngamiani, kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Bei yake ndogo mno.

Upanga ni wa babu mzaa mama, wa namna ya Kiomani: mnyoofu, makali pande mbili, ncha ya mviringo, mpini mrefu uliofungwa ngozi. Ulikaa miaka mingi ndani ya ala ya ngozi, na ngozi ikishafyonza unyevu wa bahari, chuma hakisalimiki. Sasa nauhifadhi kwenye kitambaa kikavu cha pamba, ala naiweka mbali.

Kwanza niliufunga mpini nailoni, maana mafuta hulegeza ngozi. Nikapaka bapa lote, nikauacha usiku kucha, asubuhi nikasugua kwa stilwaya laini kabisa, ile ya mafundi samani, si ya sufuria. Unafuata urefu wa bapa, huzungushi mkono. Kitambaa kinatoka na tope la rangi ya matofali. Unarudia mpaka kitoke safi. Kwenye mfereji wa katikati nilitumia kijiti cha mwanzi nilichokichonga, na humo ikajitokeza alama ya mwezi mwandamo iliyogongwa na mhunzi. Msasa ungeifuta.

Jamani, kutu ya kuondoa ni ile nyekundu. Weusi uliotulia chini yake unakilinda chuma, na ndio unaoonyesha umri wake. Uacheni! Huku pwani wengi hukimbilia ndimu na majivu, au siki. Chuma kinang'aa kweli, lakini asidi inakula kutu na chuma pamoja, na isipooshwa vizuri kutu inarudi upesi. Grainda ndiyo balaa kabisa. Fundi mmoja alitaka kuipitisha, nikakataa katakata.

Kasoro zipo. Vishimo vilivyokwisha kuliwa na kutu havifutiki. Mafuta nayo hukauka, kwa hiyo napaka upya mara kwa mara, hasa masika. Tena ushike kwa glavu, kwani jasho lina chumvi na alama ya kidole hugeuka kutu. Makumbusho mengi hupaka nta, ambayo haikusanyi vumbi kama mafuta. Nikiipata nzuri nitaijaribu, lakini kichupa changu bado kina nusu.